Shosho wa Njoro hakukosea kulilia paka wake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako, na nikiandika sana utanisamehe maana mimi ni fundi wa magari si mwandishi, na hii kitu imenikaa kwa roho tangu Jumanne wiki iliyopita.

Hiyo Jumanne asubuhi tulikuwa tumewasha redio hapa garaji kama kawaida, stesheni sitaitaja, na watangazaji walikuwa wamefungua laini watu wapige simu waseme ni nini inawasumbua. Wakapiga wa madeni, wakapiga wa mabwana, halafu akaingia shosho mmoja akasema anapiga kutoka Njoro, sauti ya upole tu, akasema paka wake alikufa Jumamosi na tangu hiyo siku chakula hakishuki, ati mpaka jana usiku amejipata ameweka sahani mbili. Basi mtangazaji akacheka. Hakucheka kidogo, alicheka mpaka mwenzake naye akaangua, halafu wakamwambia "shosho si utafute mwingine, paka ni za bure" wakamkata wakaweka wimbo. Vijana wangu hapa nao wakacheka. Mimi nilikuwa chini ya Probox nimelala kwa kadibodi na nilishukuru Mungu niko huko chini, hakuna mtu alikuwa anaona uso wangu.

Kwa sababu mimi nimelilia mbwa. Mwanaume wa miaka 58, mikono imejaa grisi, nimelilia mbwa koko mpaka nikashindwa kushika spana, na hii ni mara ya kwanza nasema hivyo mbele ya watu ambao siwajui.

Alikuwa anaitwa Gasketi. Aliingia kwa maisha yangu mwaka 2013, mvua ya Aprili, tulikuwa tumefungua injini ya Canter tukasikia kitu inalia kwa rundo la makatoni, kumbe ni kambwa kadogo kamejificha ndani ya katoni ya gasketi, macho yamefunguka juzi tu. Mama yake hatukumwona. Nikasema kesho nitakapeleka mahali, na hiyo kesho haijawahi kufika. Hakuwa mbwa wa kujivunia, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama lingine limelala, hakuna mtu angemnunua hata kwa bei ya mkate. Sahani yake ilikuwa kifuniko cha ringi ya Toyota, chakula chake ugali wa dona na omena, na siku mteja akilipa bila kusumbua, matumbo kutoka kwa buchari.

Mke wangu hakumtaka. Yeye alikuwa anauza mboga soko la Wakulima, na alikuwa na msimamo kwamba mbwa ni wa nje na paka ni wa panya na mtu ni wa ndani, basi. Mwaka haukuisha, yeye ndiye alikuwa anaficha mifupa chini ya sukuma kwa kikapu ili sisi wengine tusione anavyompenda. Kila siku ikifika saa kumi na moja jioni Gasketi alikuwa anaamka hapa Shabaab, mtaa wetu wa Nakuru, bila kuambiwa na mtu, anajinyoosha, anaenda mpaka steji kumngojea. Saa hakuwa nayo lakini sikumbuki siku amechelewa, na sisi wenye saa tunachelewa kila siku.

Mke wangu alifariki 2019. Watu walikuja, kanisa likaja, chama kikaja, waliimba na kupika chapati karibu wiki nzima, halafu wakaenda kwao kama inavyotakiwa, na binti yangu akarudi kazini Eldoret. Nikabaki na nyumba. Na ikifika saa kumi na moja Gasketi bado alikuwa anaenda steji. Alienda karibu miezi mitatu. Nilikuwa namfuata nimrudishe, na siku moja badala ya kumrudisha nikajikuta nimekaa naye hapo kwa jiwe, sisi wawili tunaangalia matatu zikishusha watu, na hapo ndio nililia vizuri mara ya kwanza tangu mazishi, maana siku ya mazishi nilikuwa na kazi ya kupanga viti.

Halafu corona ikaja. Mnakumbuka kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni kila mtu awe ndani mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mtu mwenye familia alikuwa analalamika watoto wanampigia kelele, lakini wewe fikiria mtu yuko peke yake kwa nyumba ambayo kila kikombe kilinunuliwa na mtu hayuko tena, saa moja jioni mlango umefungwa, usiku ni mrefu kama barabara ya Lodwar. Hapo ndio Gasketi alihamia ndani, sheria za marehemu nikazivunja, na nafikiri angeniruhusu. Nilikuwa naongea naye. Nilimpa habari ya watoto, bei ya oili, mpaka siasa. Asubuhi nilikuwa naamka kwa sababu yeye lazima atoke nje, hiyo tu, hakukuwa na sababu ingine, na mtu akishaamka na akashatoka nje atasalimiwa na jirani wawili watatu na siku itaanza tu. Bila yeye sijui kama ningeinuka kitandani, na hiyo sentensi sijawahi kumwambia binti yangu, atasoma hapa kwanza.

Yeye ni nesi huyo binti, na ndiye alinitumia mambo ya utafiti kwa simu baadaye, nafikiri alitaka nisijione nimerukwa na akili. Kuna Wajapani mwaka 2015, Miho Nagasawa na wenzake, waliweka watu na mbwa wao pamoja kwa chumba, wakaacha waangaliane tu, halafu wakapima mkojo wa mtu na mkojo wa mbwa, ndio, mkojo, kumbe sayansi nayo ni kazi chafu kama yetu. Wakakuta wale waliokuwa wanaangaliana macho kwa macho muda mrefu, homoni moja inaitwa oksitosini ilipanda kwa mtu na ikapanda kwa mbwa pia. Hiyo homoni ndiyo inafanya kazi kwa mwili wa mama akimnyonyesha mtoto. Walijaribu na mbwamwitu waliolelewa na watu, hiyo kitu haikutokea. Sasa mimi sikuhitaji kupimwa mkojo kujua Gasketi akiniangalia kuna kitu inashuka kwa mabega, lakini ni vizuri kujua si mimi nilikuwa najidanganya.

Akanitumia pia ingine ya zamani, 1980, Marekani, mtafiti anaitwa Erika Friedmann na wenzake walifuata wagonjwa 92 wa moyo waliotoka hospitali. Wenye wanyama nyumbani walikuwa 53, na ndani ya mwaka mmoja walikufa 3. Wasio na wanyama walikuwa 39, wakafa 11. Nilipoisoma nilitaka kuibandika kwa ukuta wa garaji. Halafu nikafikiria kama fundi, maana nimekaa kwa hii kazi miaka zaidi ya 30 na najua gari ikiwaka baada ya kubadilisha plagi haimaanishi plagi ndiyo ilikuwa shida, pengine ulitikisa waya bila kujua. Pengine mtu mwenye nguvu kidogo ndiye anaweza kufuga, yule mgonjwa kabisa hawezi, na binti yangu akaniambia watafiti wengine baadaye hawakupata majibu ya aina moja. Kwa hivyo simwambii mtu aache dawa za presha anunue mbwa. Nasema tu niliyoyaona.

Na niliona kwa mtu mwingine pia, si mimi peke yangu. Kuna kijana aliletwa hapa na mjomba wake ajifunze kazi, alikuwa amepoteza wazazi wote wawili na akalala mitaani muda, kijana haongei. Ukimwita anakuja, ukimtuma anaenda, lakini mdomo haufunguki, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, wateja wakadhani ni bubu. Siku moja nimerudi kutoka kununua spea nikasikia mtu anaongea nyuma ya kontena, anaongea haraka haraka, nikachungulia nikamkuta amekaa chini na Gasketi amemwekea kichwa kwa goti, anamwelezea habari za nyumbani kwao, ng'ombe walikuwa wangapi, nani alichukua shamba. Nikarudi nyuma polepole nikapiga kelele mbali ndio wajue nakuja. Leo huyo kijana ana kiosk yake ya kubadilisha oili Kaptembwo na ukimpata anaongea mpaka unachoka. Mbwa hakuulizi swali. Sisi watu tukiona mwenzetu ameumia tunaanza kuuliza, ilikuwaje, saa ngapi, nani alikuwa hapo, na mwingine hajafika hapo pa kujibu.

Sasa nifike kwa ile siku. Agosti 2024 Gasketi alianza kunywa maji sana, anamaliza bakuli anatafuta ingine, akakonda, akaanza kutapika na pumzi yake ikawa na harufu kama ya mkojo. Nilidhani ni minyoo nikampa dawa ya minyoo, na hilo nimejilaumu pia. Daktari wa mifugo alimtoa damu akasema ni figo, zimechoka, na zikifika hapo hazirudi nyuma. Alimwekea dripu siku tatu. Siku ya kwanza akainua kichwa, siku ya pili akakula kijiko cha uji, siku ya tatu akakataa hata kunigeukia. Daktari akaniita nje, akaniambia taratibu kabisa, mzee, naweza kuendelea kuweka dripu lakini hiyo itakuwa ni kwa ajili yako, si kwa ajili yake.

Niliambiwa kuna sindano ya kwanza ya kumlaza kabisa asisikie kitu, na ya pili ya kusimamisha moyo. Nikaulizwa kama nataka kuwa hapo au nitoke. Nilikaa. Nilimshika kichwa, sikio lile la kulala likawa kwa kiganja changu, nikamwambia twende steji. Ilikuwa dakika chache tu. Nilishangaa vile ni kimya.

Halafu nikaenda nyumbani na hapo ndio vita ilianza, maana huzuni mtu anaweza kuibeba, lakini hii ilikuja na kesi ndani yake. Nilikuwa naamka saa nane usiku najiuliza, kwani si wewe ulisema ndio? Si wewe ulitoa mkono ukaweka sahihi? Mtu hajawahi kusaini kifo cha mamake, hata akiteseka vipi, sasa mimi nilisaini cha huyu aliyekuwa ananiamini kuliko binadamu yeyote. Na kama ningempeleka mapema wiki mbili? Na ile dawa ya minyoo? Hiyo kesi niliisikiza usiku karibu wiki tano. Kilichonisaidia ni kurudi kwa yule daktari, nikajifanya nimeenda kuchukua kamba ya shingo niliyosahau, nikamuuliza. Akaniambia kwa mbwa wazee figo huwa zimeharibika sehemu kubwa sana kabla wewe hujaona dalili hata moja, kwa hivyo hizo wiki mbili zangu hazingefanya kazi nilikuwa nafikiria zingefanya. Akaniuliza kama namkumbuka Sudan, yule kifaru wa Ol Pejeta kule Laikipia, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini. Nikasema nani hamkumbuki. Tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45, hawezi kusimama, madaktari walimfanyia hivyo hivyo, na nchi nzima ikasema wamefanya utu.

Hapo nilitulia. Lakini pia nilikasirika kidogo, maana nilikumbuka wakati Sudan alikufa, magazeti yalijaa, wazungu wakaandika, wale walinzi wake waliolala naye miaka walipigwa picha na huzuni zao na hakuna mtu alisema ati wanaume wazima wanalilia kifaru. Tembo Ahmed wa Marsabit aliwekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970, akafa 1974, na sanamu yake iko makumbusho Nairobi mpaka leo. Kule Nyanza nako, muulize mtu mzima wa Nyakach habari ya Omieri, yule chatu waliamini akionekana mvua itakuwa nzuri na mavuno yatakuwa mazuri, aliungua moto mwaka 1987, akatibiwa, akafa, na wazee bado wanamtaja kama jirani aliyeondoka. Kwa hivyo hii maneno ya ati kupenda mnyama ni mambo ya wazungu, mimi naikataa. Tunajua kulilia mnyama. Shida yetu ni kwamba lazima awe mkubwa au awe maarufu, akiwa ni paka wa shosho wa Njoro anachekwa.

Niliyoambiwa mimi hiyo Agosti ni mengi. Mteja mmoja alikuja kuchukua gari akaona macho yangu akauliza, pole fundi, nani ameenda, nikasema mbwa, akangoja kidogo kama anayedhani nitaendelea na sentensi. Mwingine akasema mimi naweza kukuletea wawili leo jioni, na alikuwa anamaanisha vizuri. Mzee mmoja wa kanisa letu akanishauri machozi niwekee watu. Huyo nilimjibu, si siku hiyo, siku hiyo sikuwa na nguvu, lakini Jumapili ya pili yake nilimuuliza kama anakumbuka nabii Nathani alipotaka kumfungua macho Daudi alitumia hadithi gani. Ya maskini na kakondoo kake kamoja, kalikuwa kanakula chakula chake, kanakunywa kwa kikombe chake, kanalala kifuani pake kama binti. Na Daudi hakucheka, Daudi alikasirika mpaka akasema mtu aliyefanya hivyo anastahili kufa, na huyo kondoo alipwe mara nne. Mzee akasema atasoma tena.

Jirani yangu Mwislamu wa Bondeni ambaye mbwa hamgusi kabisa, akipita alikuwa anakusanya kanzu yake ndio Gasketi asimguse, huyo ndiye alikuja na chupa ya chai ya tangawizi akasimama mlangoni, akaniambia pole sana, huyo alikuwa mlinzi mwaminifu. Akanikumbusha mbwa wa wale vijana waliolala pangoni ametajwa ndani ya Kurani, na kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, hilo jina maana yake ni baba wa kipaka. Tulikunywa chai. Hakukaa sana.

Lakini aliyenifungua kabisa ni dereva wa lori kutoka Shinyalu, mteja wa miaka mingi, mtu wa mafahali. Wale watu wa Kakamega mnawajua, fahali wa kupigana anapewa jina, anapelekwa uwanjani na ngoma ya isukuti, mwenyewe anajua mpaka vile fahali wake anapumua akiwa na hasira. Alishuka kwa lori, vijana wakamwambia mzee amefiwa na mbwa, nikangoja acheke. Akavuta debe akakaa. Akaniuliza, alikuwa anaitwa nani?

Mhariri, watu karibu ishirini walikuwa wamenipa pole kufika hapo, na huyo ndiye wa kwanza aliniuliza jina. Wateja wa kila siku walikuwa wanalijua, lakini hata wao hawakulitaja, ni kama walikuwa wanaogopa. Nikasema Gasketi. Akasema haya nipe habari ya Gasketi. Nikaongea karibu saa nzima, lori lake limesimama hapo na mzigo ndani, nikamwambia mpaka ya steji, nikacheka mahali pengine, nikalia mahali pengine, halafu akanieleza ya fahali wake aliyekufa na vile hakuonja nyama wiki mbili na bibi yake akaita mchungaji. Nililala usingizi hiyo siku.

Baadaye nikasoma kuna Mmarekani anaitwa Kenneth Doka ambaye mwaka 1989 aliandika juu ya huzuni ya aina hii, huzuni ambayo jamii haikupi ruhusa kuwa nayo. Hakuna matanga, hakuna mchango, hakuna likizo, hakuna nyimbo, kwa hivyo unaibeba kama mtu amebeba kitu ya wizi chini ya koti. Nikasema huyu jamaa amewahi kupita Shabaab.

Kumzika ilikuwa kazi ingine. Mimi napangisha, ploti ni ya 40 kwa 80 na imejaa milango, pa kuchimba hakuna, na huku mjini wengi wanafunga mnyama kwa gunia wanampa watu wa takataka anaishia Gioto, kwa jalala. Sikuweza. Nilimfunga kwa blanketi nikampeleka kwa pikapu mpaka shamba la ndugu yangu kule Bahati, na daktari alikuwa amenionya nichimbe shimo refu sana na mbali na kisima, kwa sababu ile dawa inabaki ndani ya mwili na mbwa mwingine au fisi akifukua akala naye anaweza kufa. Hilo wengi hawajui, liandikwe. Ndugu yangu alichimba na mimi bila kusema neno. Nilimwekea katoni ya gasketi, tupu.

Hapo shambani kulikuwa na mjukuu wangu wa miaka sita, na hapa nilikosea. Nilimwambia Gasketi amelala. Mtoto akakubali, lakini usiku akakataa kulala kabisa, ati akilala atawekwa kwa shimo. Siku mbili mamake anahangaika naye. Ikabidi nimwite nimwambie vizuri, Gasketi alikuwa mgonjwa sana wa figo, daktari alishindwa, amekufa, kufa maana yake mwili umesimama kabisa na harudi, na wewe ukilala utaamka. Akauliza kama aliumia. Nikasema hapana. Akauliza kama ni kosa lake kwa sababu siku moja alimvuta mkia. Nikasema hapana. Akaenda kucheza. Watoto tunawadanganya kwa sababu sisi ndio hatutaki kusema hilo neno, na wale wanaoambiwa mbwa "alitoroka" wanaanza kuchungulia kwa geti kila jioni.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema watu wanaumwa na mbwa, kichaa kinaua, na wewe unalilia. Ni kweli kinaua, na karibu kila mtu anayekufa nacho aliumwa na mbwa. Gasketi alichanjwa kila mwaka na kadi ninayo. Mkiumwa osheni kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu mwende hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mnyama akifa ghafla akiwa alikuwa amebadilika tabia, anatoa povu, anauma vitu, usimshike na mikono mitupu hata kama ulimpenda vipi, ita watu wa mifugo wa kaunti.

Na hiyo ya kununua mwingine haraka. Kama aliyekufa alikuwa mtoto wa mbwa na aliharisha damu, hiyo mara nyingi ni parvo, na virusi vyake vinaweza kukaa kwa udongo wa boma miezi mingi, ukileta kambwa kengine hakajachanjwa wiki inayofuata utazika tena. Hata kama si parvo, mimi nasema ngoja. Nilipoletewa kambwa na yule mteja mwenye roho nzuri nilikaangalia nikaona nakalaumu kwa kutokuwa Gasketi, kambwa hakajakosea chochote. Nikakarudisha. Kwa sasa asubuhi natembea tu ile njia yetu peke yangu, mpaka steji na kurudi, kwa sababu miguu ilikuwa inaamka saa hiyo hata nikitaka kulala, na kuna watu njiani walikuwa wanatusalimia wawili sasa wananisalimia mmoja, na wengine wameniuliza yuko wapi. Kile kifuniko cha ringi bado kiko pale karibu na kompresa. Kuku wa jirani ndio wanakunywa maji hapo. Kijana mmoja alitaka kukitupa nikamwambia wacha.

Kwa majirani wa yule shosho, kama mnamjua, mtu mzima kukosa kula tangu Jumamosi mpaka Jumanne si kitu ya kucheka, mpelekeeni uji, mkae naye, na akiendelea kukosa usingizi na chakula mpelekeni akaongee na daktari, asiambiwe ni aibu kwa sababu ni paka. Sahani ya pili msimwondolee kwa nguvu.

Na wewe shosho, kama kuna mtu anakusomea gazeti hili, mhariri anayo namba yangu ya simu. Hakuna mtu alikuuliza hiyo Jumanne. Paka wako alikuwa anaitwa nani?

Fundi wa magari,
Shabaab, Nakuru